Mali Bila Daftari: Duka na Vyumba Vyake Vitano



Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usia huo tumeusikia tangu utotoni, na hapana mfanyabiashara asiyeujua. Leo, hata hivyo, nataka tuutazame kwa upande wake wa pili, ambao wahenga hawakuwa na haja ya kuusema: kwamba mali yaweza kuisha bila habari hata kama daftari lipo, linaandikwa kila jioni, tena limo ndani ya kompyuta. Daftari lisilo na mpangilio ni kama ghala ambamo mchele, mafuta ya taa na nguo za watoto vimerundikwa pamoja. Vitu vyote vimo, lakini ukitaka kimoja hukipati, na ukikipata kinanuka mafuta ya taa.

Tuichukue familia moja ya Morogoro. Familia hii ni ya mfano tu, na tarakimu zake nimezikata ili zijumlike kwa urahisi. Lakini atakayesoma hadi mwisho huenda akamwona jirani yake humu, au akajiona mwenyewe.

Baba ni mfanyakazi wa kiwandani. Mama ana duka la mazao si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile lililofunguliwa mwaka 2021. Ndizi, mdalasini na pilipili manga humjia kutoka Kinole, ambako ndiko kwao, kwa njia ya Bigwa. Karoti, kabichi na njegere humjia kutoka Mgeta, kwa barabara inayoipanda milima ya Uluguru kutokea upande wa Mzumbe. Sehemu ya mazao huiuza hapo mjini, na nyingine huipakia kwenda Dar es Salaam. Kijana wao, aliyesomea kompyuta, aliwanunulia programu ya hesabu ili mama aache kuhangaika na madaftari yaliyolowa maji ya mboga.

Mwisho wa mwezi wa kwanza programu ilitoa jibu lake. Fedha zilizoingia: shilingi 12,200,000. Zilizotoka: 10,250,000. Faida: 1,950,000. Baba alifurahi, akaanza kuulizia bei za mabati. Mwezi wa tatu mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa, na duka halikuwa na fedha ya kuleta gari la ndizi. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

“Mama watoto,” alisema baba usiku ule, “kompyuta inasema tulipata faida. Fedha zimekwenda wapi? Au ndizo hizo unazowapelekea ndugu zako Kinole?”

Mama hakujibu. Ni kweli alikuwa amepeleka fedha Kinole. Alizipeleka kwa wakulima, wengine wao wa ukoo wake, kama malipo ya awali ya mdalasini ambao ungevunwa baadaye. Lakini katika kompyuta hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, na asiyekuwa na mahali pa kuandika ukweli wake atautetea kwa nini?

MATUTA YA KUAMRIWA

Kosa halikuwa la programu, wala halikuwa la wizi. Kosa lilikuwa katika kitu ambacho wahasibu hukiita chati ya akaunti, yaani orodha ya majina na namba ambamo kila shilingi inayoingia au kutoka hupangiwa mahali pake. Programu nyingi, kama vile QuickBooks, zinaweza kukupa orodha iliyokwisha tengenezwa tangu siku ya kwanza. Kijana wetu aliipokea ilivyo. Ilikuwa na akaunti ya tiketi za ndege, lakini haikuwa na ya magunia. Ilikuwa na akaunti ya ada za wanasheria, lakini haikuwa na ya fedha anayotangulizwa mkulima. Basi kila kilichoingia akakiita Mapato, na kila kilichotoka akakiita Matumizi.

Watu wa Uluguru wanalijua vizuri jambo la namna hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Ila matuta yaliamriwa kwa kipimo kimoja katika milima yenye udongo wa namna nyingi, na mahali pengine yalifukua udongo usio na rutuba yakauweka juu. Mwaka 1955 wananchi wa upande wa Matombo waliukataa mpango huo kwa ghasia, nao ukavunjika. Hata hivyo, huko Mgeta wakulima wa mboga wanalima juu ya matuta ya ngazi hata leo, kwa sababu yanawafaa. Tuta jema, basi, ni lile linalolingana na mteremko wake.

Chati ya akaunti ni matuta ya fedha. Fedha nayo, kama udongo, huporomoka isipozuiliwa. Lakini usipokee matuta ya mteremko wa mtu mwingine.

Ziko nchi ambako mpangilio huu hutolewa na sheria. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA mwaka 2012, makundi ya akaunti yamepangwa kwa namba kwa makampuni: la kwanza ni la mtaji, la pili la mali za kudumu, la tatu la bidhaa za ghalani, la nne la watu wanaodaiana na biashara, la tano la fedha, la sita la gharama na la saba la mapato. Kwetu Tanzania mwenye duka hakupangiwa namba hizo. Ana uhuru wa kupanga mwenyewe. Na uhuru huo, kama uhuru wowote, una kazi yake.

VYUMBA VITANO

Ufundi wa kuandika kila jambo la fedha mara mbili, yaani ilikotoka na ilikokwenda, ni wa zamani sana. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kompyuta haikuubadilisha, imeuharakisha tu. Na msingi wake, ukiuvua maneno makubwa, ni nyumba yenye vyumba vitano.

Chumba cha kwanza ni MALI, yaani kile tulicho nacho na kile tunachodai. Cha pili ni MADENI, yaani kile tunachodaiwa. Cha tatu ni MTAJI, yaani haki ya mwenye duka: alichotia, na alichochukua kwenda nacho nyumbani. Cha nne ni MAPATO, yaani kile ambacho duka limechuma kwa kuuza. Cha tano ni GHARAMA, yaani kile kilichotumika kikaisha katika kutafuta mapato hayo.

Kila unaposhika risiti, jiulize maswali manne. Je, fedha hii imeniachia kitu, au mtu ninayemdai? Iandike kwenye Mali. Je, imepunguza au kuongeza deni langu? Madeni. Je, imekwenda nyumbani? Mtaji. Je, imetumika kwa kazi ya duka ikaisha? Hapo, na hapo tu, ndipo iwe Gharama. Na kwa fedha inayoingia, usikimbilie kuiita mapato kabla hujajua kama ni mauzo, au ni mkopo, au ni deni la zamani lililolipwa.

Sasa turudi katika hesabu ya mwezi ule wa kwanza. Kati ya zile shilingi 12,200,000 zilizoingia, mauzo yalikuwa 9,200,000. Zilizobaki, 3,000,000, zilikuwa mkopo wa SACCOS. Mkopo si mapato. Ni deni lililovaa nguo za sikukuu.

Zile zilizotoka nazo tuzigawe:

Ununuzi wa mazao: 6,400,000
Usafirishaji wa mazao: 950,000
Pango, ushuru, vibarua, magunia na mengineyo: 900,000
Riba ya mkopo: 50,000
Rejesho la mkopo wenyewe: 250,000
Malipo ya awali kwa wakulima: 600,000
Ada ya shule, chakula na mahitaji ya nyumbani: 1,100,000

Mistari minne ya kwanza ndiyo gharama, na jumla yake ni 8,300,000. Rejesho la 250,000 limepunguza deni. Zile 600,000 za wakulima ni mali, kwa kuwa duka linadai mdalasini wa thamani hiyo. Na 1,100,000 ni fedha aliyoichukua mwenye duka. Tukichukulia kwamba bidhaa za ghalani mwanzo na mwisho wa mwezi zilikuwa sawa, faida ya kweli ilikuwa 9,200,000 kuondoa 8,300,000, yaani shilingi 900,000.

Duka lilichuma 900,000, nyumba ikala 1,100,000. Mtaji ulipungua kwa 200,000 katika mwezi ambao familia ilikuwa inashangilia. Fedha iliyoonekana kwenye kisanduku ilikuwapo kweli, lakini ilikuwa ya SACCOS. Mabati yale yalinunuliwa kwa deni, na hakuna aliyejua.

Na tazama jambo lingine, msomaji. Fedha za Kinole, zilizoleta maneno, hazikupotea. Zilikuwa mali ya duka, zinasubiri mavuno. Kilichoumega mtaji ni nyumba yenyewe, baba na mama na watoto kwa pamoja, pasipo mmoja wao kufanya hila. Miongoni mwa Waluguru ardhi kwa desturi ni ya ukoo wa upande wa mama; mtu hulima na kuvuna, lakini anajua kwamba mavuno ni yake na ardhi si yake kuimaliza. Katika duka, faida ndiyo mavuno na mtaji ndiyo ardhi. Tukivichanganya, tutakula ardhi tukidhani tunakula ndizi.

CHATI YA DUKA LA MAMA

Ifuatayo ni orodha inayolitosha duka la namna hii. Namba zimeachiwa nafasi katikati ili akaunti mpya ikizaliwa ipate pa kukaa karibu na ndugu zake.

MALI
1010 Fedha taslimu dukani
1020 Fedha benki
1030 Pesa za simu
1100 Wadaiwa
1150 Malipo ya awali kwa wakulima
1200 Bidhaa ghalani
1500 Vifaa vya kudumu: mizani, pikipiki

MADENI
2010 Wadai wa bidhaa
2100 Mkopo wa SACCOS
2200 Kodi zinazosubiri kulipwa

MTAJI
3010 Mtaji wa mwenye duka
3050 Faida iliyolimbikizwa
3100 Fedha zilizochukuliwa nyumbani

MAPATO
4010 Mauzo

GHARAMA
5010 Ununuzi wa mazao
5050 Usafirishaji wa mazao
5090 Mazao yaliyooza
6010 Pango
6020 Vibarua
6030 Ushuru na leseni
6040 Umeme na simu
6050 Magunia na vifungashio
6060 Riba na makato ya benki na simu
6070 Uchakavu wa vifaa
6090 Matengenezo ya pikipiki

Hizo ni akaunti 25 tu. Kila moja imewekwa kwa sababu linapatikana swali ambalo mwenye duka huliuliza. Pesa za simu zimetengwa na fedha taslimu kwa kuwa kila moja huhesabiwa mahali pake jioni. Zikichanganywa, upungufu wa upande mmoja hujificha nyuma ya mwingine. Mazao yaliyooza yana mstari wake kwa kuwa kabichi haimsubiri mtu, na hasara isiyoandikwa haiwezi kupunguzwa. Pikipiki iko kwenye Mali, lakini tairi lake jipya liko kwenye Gharama. Na kwa aliyesajiliwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani, kodi aliyomtoza mteja si mapato yake hata shilingi moja. Ni amana ya serikali, na chumba chake ni cha Madeni.

NDIZI, MBOGA NA VIUNGO

Hapa wengi hukosea kwa bidii. Wakisikia kwamba hesabu nzuri huchambua mambo, hufungua akaunti ya mauzo ya ndizi, nyingine ya karoti, nyingine ya kabichi. Kisha ununuzi wa kila kimoja, usafiri wa kila kimoja, na akaunti ya kila mkulima na kila mteja. Baada ya miezi sita orodha ina akaunti 200, mwandishi hajui achague ipi, na kitu kilekile kimeandikwa mahali patatu kwa majina matatu.

Kanuni ni hii: akaunti hueleza fedha ni ya namna gani, haielezi ni ya nani wala ni ya zao lipi. Wateja na wakulima huandikwa katika orodha ya majina iliyo ndani ya programu, na madeni yao yote hujumlishwa katika akaunti moja ya Wadaiwa au ya Malipo ya awali. Mazao nayo hupewa alama. Programu nyingi zinaruhusu kila muamala ubandikwe alama ya kundi lake. Na kama yako hairuhusu, andika herufi moja mwanzoni mwa maelezo: N kwa ndizi, M kwa mboga, V kwa viungo.

Kwa alama tatu tu, mama aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka mingi ya kuuza. Ndizi ziliuzwa kwa 4,000,000, lakini zilinunuliwa kwa 3,400,000 na kusafirishwa kwa 550,000, zilibakiza 50,000. Mboga ziliuzwa kwa 3,000,000, ununuzi na usafiri vilichukua 2,300,000, zikabakiza 700,000. Viungo, vilivyokaa pembeni katika magunia madogo, viliuzwa kwa 2,200,000, ununuzi na usafiri vilichukua 1,100,000, vikabakiza 1,100,000. Jumla ya mabaki ni 1,850,000. Ondoa 900,000 za pango na wenzake na 50,000 za riba, utaipata ileile faida ya 900,000.

Ndizi, zilizojaza gari na kulipa duka jina, zilikuwa zinafanya kazi bure. Hesabu haikumwambia mama aache kuuza ndizi za kwao. Ilimpa la kuuliza: je, gari lipande mlimani mara chache likiwa limejaa zaidi? Je, bei ya Dar es Salaam inalingana na safari? Je, mikungu mingapi huharibika njiani? Maswali hayo ni ya mwenye biashara. Kazi ya chati ni kuhakikisha kwamba yanaulizwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike maswali kumi unayotaka duka likujibu kila mwezi. Akaunti isiyojibu swali lolote haina haja ya kuzaliwa.

Pili, anza mpangilio mpya siku ya kwanza ya mwaka, au angalau ya mwezi. Hesabu kila kilichopo: fedha, magunia, wanaokudai na unaowadai. Bila salio la mwanzo, chati nzuri ni kikapu kisicho na tako.

Tatu, weka akaunti moja ya muda kwa mambo usiyoyajua pa kuyaandika. Lakini iondoe yote yaliyomo kila Jumamosi. Akaunti ya namna hiyo ikinenepa, ujue ugonjwa umerudi.

Nne, akaunti iliyokwisha tumika usiifute. Ifunge, ibaki na historia yake. Sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano, na kumbukumbu zenyewe ni pamoja na risiti zilizo nyuma ya tarakimu. Nakala ya hesabu nayo ihifadhiwe nje ya kompyuta ileile.

Tano, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuongeza akaunti. Wengine waandike katika zilizopo. Nyumba ambayo kila mpangaji anatoboa mlango wake haikai muda mrefu.

Asiyejiamini atafute msaada. Watu wa Morogoro hawana haja ya kwenda mbali: Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama chuo cha maofisa wa serikali za mitaa na kuwa Chuo Kikuu mwaka 2001, kipo chini ya milima ileile, na wahitimu wake wamejaa mitaani. Mlipe mhasibu siku moja akupangie vyumba. Itakugharimu kidogo kuliko gari moja la ndizi.

Na familia yetu? Usiku mwingine walikaa tena mezani, safari hii wakiwa na karatasi moja mbele yao. Baba aliukuta mstari wa 1150, akaona majina ya wakulima wa Kinole na kilo za mdalasini wanazodaiwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akaukuta mstari wa 3100, akaona mabati yake.

“Kumbe mimi ndiye niliyekula,” alisema.

“Tulikula wote,” alijibu mama. “Ila hatukuwa tunaandika.”

Wakakubaliana kwamba kuanzia mwezi unaofuata nyumba itachukua shilingi 600,000 na isizidi. Faida ikibaki 900,000, zitasalia 300,000: mia mbili na hamsini elfu zitalipa rejesho la SACCOS, na hamsini elfu zitakaa dukani kuuza mtaji jeraha lake. Si fedha nyingi. Lakini kila mmoja wao sasa anajua zilipo, na nyumba ambamo kila mtu anajua fedha zilipo haina mtu wa kutuhumiwa usiku.

Kaa na mwenzako Jumapili hii, msomaji, muandike yale maswali kumi. Hadi Jumapili ijayo.